Nani anachungulia akaunti zako? Jinsi ya kukagua hatua kwa hatua

Wanaoniletea simu zao niwakagulie huwa na hofu ya wadukuzi wa mbali. Ninachokuta mara nyingi ni mtu wa karibu aliyewahi kuishika simu ile kwa dakika moja, au programu ambayo mwenye simu aliipa ruhusa mwenyewe. Kwa hiyo usikimbilie kubadili nenosiri. Angalia kwanza nani yumo ndani tayari.

Hatua ya 1: Kagua vifaa vilivyounganishwa

Fungua WhatsApp, gusa "Vifaa vilivyounganishwa". Utaona jina la kivinjari au kompyuta, na saa ilipotumika mara ya mwisho. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, na vikishaunganishwa vinapokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa. Ukikuta kivinjari usichokijua, kimetumika usiku ukiwa umelala, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu aliikuta simu yako iko wazi, akaitumia kuskani msimbo wa QR (ule mraba wa nukta) kwenye kompyuta yake na kuirudisha ilipokuwa. Ujumbe husafiri umefichwa kwa msimbo, lakini kifaa chake kinahesabiwa kuwa chako, kwa hiyo anausoma wote.

Piga picha ya skrini kabla ya kugusa chochote. Kisha jiulize unamshuku nani. Ikiwa ni mtu mnayeishi naye na anaweza kukudhuru, tafadhali usimwondoe papo hapo, maana atajua umemgundua. Tumia simu nyingine kuzungumza na mtu unayemwamini, mpange usalama wako, ndipo urudi hapa. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote katika mwongozo huu. Kama huna hofu hiyo, gusa jina la kifaa na ukitoe.

Facebook na Instagram pia zina orodha ya mahali ulipoingia, kwenye mipangilio ya nenosiri na usalama.

Hatua ya 2: Badili funguo

Anza na barua pepe, kwa sababu viungo vya kubadili nenosiri la akaunti nyingine hutumwa huko. Kila akaunti iwe na nenosiri lake. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unaombwa pia namba ya siri ya muda, na inapowezekana tumia programu inayotoa namba za siri badala ya SMS, kwani matapeli wakifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yao ya simu (SIM), SMS zitawafikia wao.

Hatua ya 3: Punguza ruhusa

Mahali ulipo: chagua "wakati wa kutumia programu tu". Kuanzia Android 12 na iOS 14 unaweza pia kuzima mahali halisi, programu ikabaki na eneo la kukadiria.

Majina ya simu: ukiruhusu yapakiwe, unatoa namba za watu ambao hawakuulizwa. Jambo la namna hii lilionekana wazi mwaka 2018, sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa iliyopata taarifa za watumiaji wa Facebook, lilipofichuka. Kwa maelezo ya Facebook yenyewe, watu wapatao 270,000 walipakua programu ya maswali, lakini taarifa zilizochukuliwa huenda zilikuwa za watu hadi milioni 87, wengi wao wakiwa marafiki tu wa waliopakua. Pitia basi orodha ya programu na tovuti ulizoziingia kwa akaunti yako ya Facebook, uondoe zote usizotumia.

Hatua ya 4: Chunguza picha

Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama hati, zinakwenda nayo. Zaidi ya hapo tazama kinachoonekana nyuma: sare ya shule ya mtoto, namba ya gari, geti la nyumbani. Na picha za safari zipandishe ukishaondoka pale.

Hatua ya 5: Kata ufuatiliaji wa matangazo

Kwenye iPhone, programu ikiomba kukufuatilia, kataa. Kwenye Facebook, tafuta sehemu ya shughuli zako nje ya mtandao huo, futa historia na uzime uunganishaji wa baadaye. Matangazo yataendelea kuja, na kampuni zitaendelea kutuma taarifa, ila hazitaunganishwa tena na akaunti yako.