Kempingi na watu wa familia mwezi wa nane: rudi Nairobi na majina ya wazee wenu

Kila mwaka huwa ni yale yale. Marekani ni kiangazi, shule zimefungwa, binamu zetu wanashuka uwanja wa ndege wa JKIA na kaptula, na sisi hapa Nairobi ndio tuko katikati ya ile baridi ya kuvaa sweta mbili na kulala na soksi. Alafu mmoja wao anaandika kwa grupu ya WhatsApp ya familia, "si twende kempingi wote?" na unasoma hiyo meseji ukiwa kwa nyumba yako Umoja, roho inakataa kabisa. Mimi nilikataa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu nikaenda juu kukhu wetu, yaani nyanya, mwenyewe alisema anaenda, na usiku wa kwanza kando ya moto akataja jina la mama ya mama yake, jina ambalo hakuna mtu kwa familia yetu alikuwa ameliandika mahali popote. Baba yangu ameshapita miaka 60 na alikuwa analisikia mara ya kwanza.

Kwa hivyo hii naandikia wewe ambaye umeshapangiwa kempingi na hutaki kwenda. Nenda, lakini nenda na kazi ya kufanya: kukusanya majina ya ukoo wenu. Sisi ni Wabukusu, Waluhya wa upande wa Bungoma, na mifano yangu mingi itatoka huko, ila njia ni ile ile hata kama kwenu ni Siaya ama Machakos.

Kabla ya kuongea mambo ya tenti, anza na mzee. Nani anaenda? Bila mzee hata mmoja hii kazi haifanyiki, na mzee akipigwa na baridi usiku wa kwanza hataongea, atataka tu kurudishwa nyumbani. Usimlaze chini. Tafuta mahali pana banda za kulala karibu na uwanja wa tenti, yeye na senge, yaani shangazi, walale kwa kitanda, tenti ziwe za vijana. Sisi tulienda Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na mwezi wa nane usiku kule baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10, so beba blanketi nzito, kofia ya marvin, chupa ya maji moto ya kuweka miguuni, thermos ya chai, na kiti cha plastiki chenye mgongo, juu vile viti vya kukunja ni vya chini sana na mtu wa magoti mabaya akikaa kuinuka ni shida. Dawa zake za presha ziwe kwa mkoba wa mtu mmoja anayejulikana. Uliza choo kiko mbali aje kabla hujalipa. Na kama ni kando ya ziwa uliza kama kuna waya wa kuzuia viboko, wale hutoka majini usiku kuja kula nyasi na wanaua watu, hakuna mtu anafaa kuteremka huko gizani hata kama ni picha anataka.

Pesa pangeni mapema, kila nyumba itume yake kwa mtu mmoja na aandike kwa grupu. Msimwachie binamu wa Marekani mzigo wote, hiyo huleta maneno baadaye na maneno yakianza hakuna mtu atakaa kando ya moto na mwenzake.

Mchana watoto watataka Hell's Gate, na ni sawa, ni kati ya mbuga chache hapa nchini ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli pundamilia wakiwa hapo kando. Malipo ni kwa eCitizen, mtu alipe kabla hamjafika geti. Ila kwa lile korongo muwe makini sana. Mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu mle ndani, 7 kila mara. Mvua inanyesha huko juu mahali nyinyi hamuoni, maji yanashuka kwa korongo na hakuna pa kupandia. Mkiona wingu lolote zito, msiingie.

Wakienda, wewe baki na mzee. Hii ndio siri nzima ya safari. Kambini hakuna TV, hakuna jirani wa kuingia, hakuna sufuria kumi za kuangalia, na mtu ambaye amepika na kuhudumia watu maisha yake yote kwa mara ya kwanza amekaa tu. Kaa naye, chambueni maharagwe, usitoe kitabu bado.

Maswali sasa. Usianze na "kukhu tuambie historia yetu". Hilo swali ni kubwa mno, atakupa ile ya kutoka Misri na kuzunguka Mlima Elgon ambayo kila Mbukusu anaijua na hapo imeisha. Uliza vitu. Ulikuwa unachota maji wapi ukiwa mdogo? Nani alikuwa anakusuka nywele? Shamba lenu lilipakana na la nani? Na lile swali ambalo limenisaidia kuliko yote: siku unaolewa, ng'ombe wa mahari waligawanywa aje? Hapo utashangaa. Mtu amesahau mwaka wake wa kuzaliwa lakini anakumbuka ng'ombe wa khocha, yaani mjomba, alikuwa wa rangi gani, nani alimpeleka, shangazi yupi alikasirika juu hakupewa kitu, na kabla hajamaliza hiyo hadithi umepata majina ya ndugu wote wa mama yake na wa baba yake, na wake zao, na mahali kila mmoja alikuwa anaishi.

Mambo ya wanawake nayaweka mbele makusudi. Karatasi ya ukoo tuliyokuwa nayo kwa familia ilikuwa wanaume tupu, fulani akazaa fulani akazaa fulani, vizazi saba, na hakuna mama hata mmoja. Kana kwamba hao watu walizaliwa na mti. Kwa kila mwanaume utakayeandika uliza mama yake ni nani, ametoka ukoo gani, kwao ni wapi, alikuwa mke wa ngapi. Kwetu huoi kwa ukoo wa baba wala kwa ukoo wa mama, so ukoo wa mama si pambo, ni kitu kijana aliyezaliwa Nairobi anafaa kujua kabla hajampeleka mtu nyumbani. Na haraka ni kwa wanawake pia juu serikali ilichelewa kuwaandika. Wanaume walianza kubebeshwa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, akiwa bado mpya, karibu 1920, na kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole na waajiri wao. Wanawake sheria ya vitambulisho iliwafikia mwaka 1978. Nyanya yako kama alikufa kabla ya hapo, inawezekana hakuna karatasi ya serikali inayomjua, na jina lake liko tu kwa kichwa cha mtu aliyeketi hapo mbele yako.

Miaka isikusumbue sana. ID ya mzee ikisema tarehe 1 Januari, mara nyingi ni karani alikadiria. Pima kwa matukio. Alikuwa anatembea ama anabebwa wakati wa Uhuru, Desemba 1963? Ameolewa kabla ama baada ya kiwanda cha karatasi cha Webuye kuanza kazi miaka ya 70? Kukhu alisema nyanya yake alikuwa akisimulia venye walifichwa akiwa msichana mdogo wakati wa vita vya Chetambe, vya Wabukusu na Waingereza, na vita hivyo vilikuwa 1895, so hapo tukapata mahali pa kumweka bila tarehe yoyote. Wanaume wa Kibukusu uliza rika, mtu anaweza kukosa kujua mwaka wake lakini rika lake hawezi kukosa. Kutahiri kwetu ni mwezi wa nane wa mwaka wa shufwa, marika ni manane na yanazunguka, jina likiisha linarudi baada ya kama miaka mia. Ukipata rika la babu na wale aliotahiriwa nao, mwaka utaupata kwa hesabu.

Majina nayo yasome vizuri, hapa ndio binamu wa Marekani hupotea. Wanaingia kwa intaneti wanatafuta jina la mwisho wakidhani kila mtu wa hilo jina ni wetu. Wafula na Nafula wamezaliwa wakati wa mvua, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wakati wa kiangazi, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Ndugu wanne wa mama mmoja na baba mmoja wanaweza kuwa na majina manne tofauti, na Wekesa wa kijiji kingine hakuhusu kabisa. Lakini jina hilohilo linaficha habari. Kwetu Khisa ni anayefuata mapacha. Kwa Wajaluo ni Okello na Akello. So ukiandika watoto wa nyumba na kuna Khisa lakini hujaandika mapacha juu yake, kuna watoto wawili ambao hawakutajwa, pengine walikufa wakiwa wadogo. Uliza polepole. Kwa Wakikuyu mpangilio wenyewe ni ramani, kijana wa kwanza anapewa jina la babu wa upande wa baba, wa pili wa upande wa mama, wasichana vilevile na nyanya zao, kwa hivyo ukijua watoto kwa mpangilio unaweza kupanda juu kizazi kizima.

Kurekodi: omba ruhusa mbele ya watu, weka simu juu ya kuleboksi ama kiti, skrini ikiangalia chini, na uisahau. Usimshikie mtu simu usoni. Beba pawabenki. Na kukifika mahali sauti inabadilika, mtoto aliyekufa, ndoa iliyovunjika, mtu aliyechukuliwa wakati wa mkoloni asirudi, zima rekoda bila kuambiwa. Mzee aone umezima. Senge yangu alininyamazia mchana kutwa na nilipozima ndio akaongea, na hayo mengine sijayaandika popote, nayajua tu.

Vipimo vya DNA binamu wa Marekani watakuja navyo, vile vya kutema mate kwa chupa. Mimi sikatai lakini naomba viongelewe na watu wazima wote kabla mtu hajatema. Matokeo yatakwambia uko Afrika Mashariki, jambo unalijua, hayatakwambia ukoo wala kijiji. Kitu yanaweza kusema kwa uhakika ni nani si mtoto wa nani, na hiyo habari ikitua kwa simu ya mtoto wa miaka 19 nyumba inaweza kuvunjika. Pia data yenyewe inakaa kwa kampuni ya watu. 23andMe, kampuni moja ya Marekani ya vipimo hivyo, iliibiwa data ya watu karibu milioni 7 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kukhu alikataa kutema na hakuna aliyemsukuma.

Mkirudi Nairobi ndio karatasi sasa. Kenya National Archives ni lile jengo la Moi Avenue karibu na hoteli ya Ambassadeur, zamani lilikuwa Bank of India, wengi tunapita hapo kila siku kuchukua matatu. Usitegemee kupata babu yako kwa jina, ila ripoti za mwaka za madisii, wale wakuu wa wilaya wa mkoloni, zitakuonyesha njaa, kodi, machifu na watu kuhamishwa, na hapo hadithi ya mzee inapata mwaka. Jua jina la zamani la wilaya, Bungoma ya leo ilikuwa ndani ya North Kavirondo, kisha 1956 ikawa Elgon Nyanza. Kwa misheni za zamani omba rejista ya ubatizo, ina wazazi na wasimamizi, nenda na barua na heshima, na usiende Jumapili. Cheti cha kuzaliwa cha wazee usikitafute sana juu usajili wa lazima ulienea nchi nzima 1971 tu. Alafu kuna Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, watu huisahau, hutoka kila Ijumaa na ina matangazo ya mirathi, jina la marehemu, siku aliyofariki na nani ameomba kusimamia mali. Matoleo ya zamani yapo kwa intaneti na unaweza kutafuta kwa jina. Kuhifadhi mti wa ukoo wenyewe, tovuti ya FamilySearch ni bure, ila ukiweka kwa intaneti weka pia kwa daftari, tatu, kwa nyumba tatu tofauti.

Kitu cha mwisho kifanye mkiwa bado kambini, Jumapili asubuhi kabla tenti hazijakunjwa, watu wakiwa na chai mkononi. Msomee mzee majina yote kwa sauti, mbele ya kila mtu, kuanzia mtoto mdogo kupanda juu. Atakurekebisha. Sisi tulikuwa tumeandika ndugu watatu wa babu, kukhu akaweka kikombe chini, akasema walikuwa watano, na akaanza kuhesabu kwa vidole.