Kurutubisha Bustani ya Pwani kwa Kunde na Mbaazi

Udongo wa kichanga wa bustani nyingi za pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, haushiki rutuba kwa muda mrefu, kwa kuwa mvua za masika huizamisha naitrojeni chini kusikofikiwa na mizizi ya mchicha. Mazao ya jamii ya mikunde huirudisha, lakini kwa masharti, na sharti linalovunjwa zaidi ni la siku ya kuvuna.

Hewa ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria waitwao rizobia huingia katika mizizi ya kunde, choroko au mbaazi, wakafanya vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwapa sukari.

Panda kunde mvua za vuli zinapoanza, mbegu mbili kila shimo, mistari ikiachana kwa sentimita 50 hadi 60. Usitie yurea, mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwa maana mmea uliokwisha kushiba naitrojeni hupunguza kufanya vinundu. Baada ya wiki tano au sita, chimbua mche mmoja taratibu bila kuuvuta, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi nyekundu au ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi.

Sasa mavuno. Sehemu kubwa ya naitrojeni huhamia kwenye mbegu, kwa hiyo anayesubiri kunde zikauke, akaing'oa mimea pamoja na mizizi na kuichoma moto pembeni, ameuachia udongo kidogo mno; nasikitika kila nionapo moshi huo. Ukihitaji kunde za kula, chuma maganda, kata mashina kwa mundu usawa wa ardhi, acha mizizi ioze humo humo na majani yawe matandazo. Ikiwa bustani imechoka sana, afadhali kuyakosa mavuno ya msimu mmoja: kata mimea yote mara inapoanza kutoa maua, fukia majani mabichi, ngoja wiki mbili au tatu, ndipo upande bamia au mchicha.

Mbaazi ipandwe ukingoni, kwani hukaa muda mrefu, huangusha majani mengi, na mizizi yake huenda chini sana. Baada ya kuvuna usiikate hadi chini. Acha shina la nusu mita au zaidi, nayo itachipua tena.