Jinsi ya kumwombea mtoto mwenye ulemavu nafasi katika shule ya umma, Mombasa

Kinachowapotezea wazazi muda mwingi kuliko kingine chochote ni kudhani kuwa kipimo ni kimoja. Ni viwili. Cha kwanza hufanywa hospitalini na madaktari, na mwisho wake ni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Cha pili hufanywa na maafisa wa elimu katika Kituo cha Tathmini na Rasilimali za Elimu, ambacho wengi wanakijua kwa ufupisho wa EARC, na mwisho wake ni ripoti inayoeleza mtoto anasomaje, asome wapi na asaidiwe vipi. Mzazi hupiga foleni hospitalini Makadara mpaka akapata kadi, akaikimbiza shuleni, na mwalimu akamuuliza: “Na ripoti ya EARC?” Safari inaanza upya. Kwa ajili ya shule, anza na EARC. Kadi ina faida zake, nayo unaweza kuifuatilia huku mtoto yuko darasani.

Pia ujue unaomba nini. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizochanganyika na jamii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 34, inakataza shule kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu wakati wa kumsajili, na inakataza mtihani wa kumchuja. Kumpima kunaruhusiwa kwa ajili ya kumweka kwenye kiwango kinachomfaa tu. Kwa hiyo ripoti ya EARC inaelekeza. Haitoi ruhusa, kwani ruhusa mtoto anayo tayari.

Makaratasi

Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachosumbua. Uzazi usiosajiliwa ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa umechelewa, na utatakiwa utoe ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Anza mapema, ila usikubali mtoto azuiwe kwa sababu cheti hakijatoka. Ile Sheria ya Elimu ya Msingi inasema kukosa ushahidi wa umri si sababu ya kumnyima nafasi.

Angalia herufi za jina. Hapa kwetu jina moja huandikwa Mohamed kwenye kadi ya kliniki, Muhammad kwenye cheti na Mohammed kwenye ripoti. Mfumo wa taarifa za wanafunzi hufuata cheti, na tofauti hiyo ikiachwa huja kuibuka wakati wa kusajiliwa kwa mtihani wa kitaifa, siku ambazo kila ofisi imejaa. Kila karatasi ifuate cheti, herufi kwa herufi.

Toa kopi tatu tatu za kila kitu, pamoja na karatasi za hospitali: kipimo cha masikio, cha macho, dawa za kifafa kama zipo. Karatasi halisi usimwachie mtu yeyote.

Siku ya tathmini

Nenda kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako (Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu au Likoni) uulize kituo kiko wapi na afisa hukaa siku gani. Hilo la siku lina uzito wake, kwa kuwa maafisa hao hutoka kwenda mashuleni, na kufika bila kuuliza ni kulipa nauli ya kuona mlango uliofungwa. Ikiwa unalenga muhula wa Januari, nenda Agosti au Septemba.

Masikio na macho yapimwe kwanza. Mtoto anayetoka usaha masikioni husikia nusu ya maneno, akajibu mambo mengine, na hapo ni rahisi aandikwe kuwa ana ulemavu wa akili. Kosa la namna hiyo humfuata miaka. Jengine ni lugha: kama nyumbani mnasema Kidigo au Kigiriama, mwambie afisa kabla hajaanza. Mtoto aliyenyamaza akiulizwa kwa Kiingereza hajaonyesha chochote ila kwamba hakijui Kiingereza.

Mtoto awe amelala, amekula, amemeza dawa zake, na amevaa miwani au kifaa chake cha kusikia. Beba daftari lake, hata kama ni michoro mitupu. Ikiwa huandika kwa penseli iliyozungushiwa kitambaa ili asiiangushe, ibebe hiyohiyo.

Kabla ya kuondoka, isome ripoti papo hapo. Tazama jina, tarehe, sahihi na muhuri, halafu kaa kwenye mapendekezo. “Apelekwe shule maalumu” peke yake ni pendekezo bovu. Omba yaandikwe mahitaji yenyewe: akae safu ya mbele, maandishi makubwa, mkalimani wa lugha ya ishara, choo kinachoingia kiti cha magurudumu, muda wa ziada wa mtihani, na tarehe ya kupimwa tena.

Kuchagua shule

Njia ni tatu: darasa la kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Kwa hizi za mwisho Mombasa ina, miongoni mwa nyingine, shule ya wasioona Likoni, Port Reitz kwa ulemavu wa viungo, Ziwani kwa viziwi, na Tom Mboya kwa wenye mtindio wa ubongo. Piga hesabu ya njia pia. Mtoto wa Kisauni anayesomea Likoni atavuka feri asubuhi na jioni katikati ya umati, kwa hiyo uliza bweni, na udai orodha ya malipo kwa maandishi: karo ya masomo hailipwi shule ya umma, lakini bweni lina gharama zake.

Uliza vilevile atafuata mtaala wa umri, yaani gredi kama wenzake, au ule wa hatua, ambao hauendi kwa gredi. Kumhamisha baadaye ni kazi.

Barua

Kuomba kwa mdomo hujibiwa kwa mdomo, na jibu la mdomo halina pa kukatiwa rufaa. Andika hivi:

“Kwa Mwalimu Mkuu. Ninaomba nafasi ya Gredi ya 1 kwa mwanangu (jina kama lilivyo kwenye cheti), aliyezaliwa (tarehe). Ana uoni hafifu. Ripoti ya EARC ya (tarehe) imeambatishwa. Kama nafasi haipo, ninaomba sababu kwa maandishi ndani ya siku 14.”

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Siku 14 tumezipendekeza sisi. Haki ya kupewa sababu kwa maandishi iko Kifungu cha 47 cha Katiba.

Jibu utakalolisikia sana ni hili: “Skuli hii haina mwalimu wake, mama.” Huenda ni kweli. Lakini kuleta walimu ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu, na shule isiyoonyesha kuwa ina watoto hao haina hoja ya kuombea mwalimu. Ndivyo ilivyo pia kwa pesa: mgao wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalumu huongezewa Sh2,300, mradi ameingizwa kwenye mfumo kwa aina ya ulemavu wake. Mkumbushe mwalimu mkuu kwa upole.

Wakikataa

Siku zikipita, peleka barua na nakala yenye muhuri kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Juu yake kuna Tume ya Haki za Utawala (Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma), na mahakama. Usichanganye milango: chekechea, PP1 na PP2, iko chini ya serikali ya kaunti, Gredi ya 1 kwenda juu ni Wizara ya Elimu. Malalamiko ya Gredi ya 1 yakipelekwa kwa afisa wa serikali ya kaunti yatarudishwa. Mtoto akifichwa nyumbani au akidhulumiwa, piga 116, haina malipo.

Akishasajiliwa, rudi baada ya wiki mbili uulize nambari yake kwenye mfumo na ulemavu wake umeandikwaje. Ripoti itunze: bila hiyo ni vigumu kupata breili, maandishi makubwa au muda wa ziada kwenye tathmini za Gredi ya 6 na ya 9, na maombi yake hupelekwa na shule wakati wa usajili, si wiki ya mtihani.