Namna ya Kutetea Eneo la Mapumziko Linalofikika na Watu Wenye Ulemavu Kando ya Ziwa: Mwongozo kutoka Kigoma

Tulifika asubuhi katika ufukwe tuliouzoea, kusini mwa Ujiji, tukakuta mawe mapya ya mpaka yamesimikwa kati ya miembe, na hakuna jirani aliyeweza kusema yamewekwa na nani. Mahali hapo palikuwa pekee, kwa tunavyojua sisi, ambapo mwenzetu anayetumia kiti mwendo aliweza kuyafikia maji ya Ziwa Tanganyika bila kubebwa mgongoni. Mwongozo huu umetokana na mambo tuliyoyafanya vizuri na, zaidi ya hayo, na yale tuliyoyachelewesha. Umeandikwa kwa ajili ya kikundi chochote cha mtaa au kijiji ambacho kesho kinaweza kukuta mawe kama hayo.

Anzeni na karatasi za ardhi

Kabla ya kuandika malalamiko, tafuteni kujua eneo limeandikwaje. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, lakini njia ya kuitetea hutegemea kundi ambalo ardhi hiyo imo. Ikiwa eneo lipo kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie kabla halmashauri ya kijiji haijagawa kipande chochote, na hata pale ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano huohuo. Bustani ya mapumziko haikaribii hekta 250, kwa hiyo wenye kauli ni wanakijiji wenyewe, na hati ya kwanza ya kuulizia kwa mtendaji ni muhtasari wa kikao kilichoridhia ugawaji. Mara nyingine jibu la swali hilo dogo humaliza nusu ya mgogoro, kwa sababu muhtasari wenyewe haupo.

Mjini, nendeni kwa afisa ardhi wa manispaa mkaombe kuuona mchoro wa mipango miji, mtazame kama kipande chenu kimeandikwa eneo la wazi, makazi au hoteli. Kubadili matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, na iwapo mchoro bado unasema eneo la wazi huku mawe ya mpaka yanasema kiwanja, basi kuna hatua iliyorukwa, na hatua hiyo ndiyo hoja yenu. Maombi yote yawe kwa maandishi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu, lakini siku hizo hazihesabiki kwa mtu aliyeulizia kwa mdomo kwenye korido, kama tulivyofanya sisi kwa wiki sita nzima.

Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huikimbilia kama rungu la kumpiga mjenzi wa hoteli, na kweli linapiga, ila lina ncha mbili. Choo cha zege mlichokijenga wenyewe ndani ya mita hizo kitatajwa dhidi yenu katika kikao cha kwanza. Pimeni vyenu kwanza, na palipo na kosa muombe ushauri wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapahapa Kigoma, kabla hamjaelekeza kidole kwa jirani.

Pimeni mteremko, kwa kuwa ndio utetezi wenu

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae kwa muda mrefu zaidi, maana hoja itakayowakabili haitakuwa kwamba watu wenye ulemavu hawastahili kupumzika; hakuna kiongozi atakayetamka hivyo. Mtaambiwa kwa upole kwamba mtapewa eneo mbadala. Wanakikundi wengi hushangilia wakisikia hayo, wakarudi nyumbani, na eneo mbadala likawa kilima.

Njia ya kupita kiti mwendo inatakiwa isizidi mteremko wa moja kwa kumi na mbili, yaani kila mita moja ya kushuka inahitaji mita 12 za njia, pamoja na sehemu tambarare za kupumzikia njiani. Kigoma ni mji wa vilima vinavyoteremkia ziwani ghafla. Mahali ambapo barabara ipo mita tano tu juu ya maji panahitaji njia ya mita 60 kabla hujahesabu sehemu hizo za kupumzikia, na palipo mita 20 juu panahitaji mita 240 zinazozungukazunguka kwenye udongo ambao mvua za masika huukata kama kisu. Ufukwe ulioinama polepole, wenye udongo mgumu na miti mikubwa, hauhamishiki kwa barua.

Kupima hakuhitaji mhandisi. Mwiteni fundi uashi yeyote aje na mpira wake mwembamba unaoonyesha maji, ule anaotumia kusawazisha msingi, pamoja na futi kamba. Pimeni kutoka mahali gari linaposimama hadi ukingo wa maji, kila mita kumi, na mwandike namba zote. Kisha nendeni katika eneo mnaloahidiwa mkapime vilevile, siku ileile ikiwezekana, mbele ya shahidi kutoka ofisi ya kata. Karatasi mbili zenye namba, zikiwekwa pamoja mezani, zilitusaidia kuliko hotuba zetu zote.

Katika vipimo hivyo msisahau mambo ambayo mwenye miguu yenye nguvu hayaoni. Mlango wa choo uwe na nafasi ya sentimita 90, na ndani pawe na duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti. Moramu iliyoshindiliwa inapitika, lakini changarawe iliyolegea humeza magurudumu ya mbele na kumwangusha mtu. Kivuli si pambo: kwa mwenye ualbino, mwembe wa miaka hamsini ndio tofauti kati ya kukaa kwa muda wa saa nne na kurudi nyumbani baada ya nusu saa. Kamba iliyofungwa kwenye nguzo kufuata njia humwezesha asiyeona kwenda mwenyewe hadi mahali anaposikia mawimbi, na mabenchi yaliyopangwa duara huwawezesha viziwi kuonana mikono wanapozungumza. Kila kitu cha namna hiyo kiandikwe pamoja na bei yake, kwa sababu eneo mbadala litahitaji vyote hivyo upya, na swali la nani atalipa ni halali kulileta kikaoni.

Mtaambiwa pia kwamba ziwa limepanda. Ni kweli, na msilikatae: katika miaka ya karibuni maji yamemeza sehemu za ufukwe pamoja na nyumba huko Kibirizi, na sisi wenyewe tulipoteza njia ya chini. Jibu letu lilikuwa kuhamisha mabenchi juu na kuonyesha kwenye mchoro mahali njia mpya itakapopita. Hoteli ikijengwa hapo maji hayataiogopa zaidi.

Daftari la wageni

Nunueni daftari la kawaida la shule, mlikabidhi kwa mtu mmoja mwaminifu, na kila anayefika aandikwe tarehe, mtaa alikotoka, kifaa anachotumia (kiti mwendo, magongo, fimbo nyeupe) na alichokuja kufanya. Majina yaandikwe kwa hiari ya mwenyewe tu, kwani daftari hili litapita mikononi mwa watu wengi. Halmashauri huona eneo lisilo na ukuta wala hati kama eneo tupu, na daftari la miezi minane ndilo linaloonyesha kwamba halikuwa tupu hata wiki moja. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Namba hiyo inafaa kutajwa mara moja, lakini diwani humwelewa zaidi mama kutoka kata ya Gungu aliyekuja mara kumi na nne na mwanawe.

Nani aseme, na aseme wapi

Wasemaji wawe watumiaji wenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu tulilikosea: kikao cha kwanza tulimweka mbele mtu mashuhuri asiye na ulemavu, akaongea kwa machozi, na wajumbe wakatuchangia sabuni na unga. Tulirudi na unga, bila ardhi. Kuanzia hapo tukaweka kanuni kwamba neno huruma halitumiki katika barua zetu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja wazi kufikia maeneo ya michezo, burudani na utalii. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Semeni mnadai kinachotajwa humo.

Pitieni ngazi kwa mpangilio, kuanzia mwenyekiti wa mtaa, kamati ya watu wenye ulemavu, Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, hadi Baraza la Madiwani. Wajulisheni mapema SHIVYAWATA, yaani shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na vyama vya aina moja moja ya ulemavu kama CHAVITA, chama cha viziwi, ili msije mkasikia kikaoni kwamba viziwi hawakuulizwa. Mkutano wenu wenyewe ufanyike mahali pasipo ngazi, kukiwa na mkalimani wa lugha ya alama, na wazee waruhusiwe kusema Kiha bila kukatizwa, maana wao ndio wanaokumbuka nani alilima pale kabla ya miembe.

Halafu waalikeni madiwani waje ziwani. Msiwaandalie jukwaa wala turubai. Muombeni mhandisi mmoja aketi katika kiti mwendo na kujisukuma mwenyewe kutoka barabarani hadi majini, kisha, siku hiyohiyo, afanye hivyo katika eneo mbadala. Huko mbadala, mhandisi wetu aliishia mita ya thelathini.

Kuhusu maandamano, sheria inataka polisi wapewe taarifa angalau saa 48 kabla, nami sina ugomvi na wanaoyachagua, ila mji wa mwisho wa reli una milima mingi kwa msafara wa viti mwendo, na gharama ya siku moja ya maandamano hulipa nauli za vikao vitano.

Mkishindwa kote, tafuteni msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na fanyeni hivyo mapema, kwa sababu kuishtaki halmashauri kunahitaji kwanza notisi ya siku 90, na katika siku hizo miembe inaweza kukatwa. Muulizeni mapema kuhusu amri ya zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha shughuli.

Baada ya kukubaliwa

Ahadi ya mdomo ya kikao haitoshi hata kidogo. Ombeni eneo liandikwe kwa matumizi yake katika mchoro wa mipango miji, au, kwa upande wa kijijini, kikundi kisajiliwe na kiombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaliruhusu kwa vikundi. Chukueni nakala ya muhtasari uliotiwa saini, nakala ya mchoro na karatasi za vipimo, mzitunze katika nyumba tatu tofauti, na mojawapo iwe mbali na ziwa, huko juu Mwanga, hapahapa mjini.