Toeni Tope Kwenye Ndiva Kabla ya Vuli

Katika milima ya Upare, mkoani Kilimanjaro, ndiva ni lambo dogo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka kwa nguvu hadi mashamba ya mbali. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe mferejini, maji mengi hunywewa na ardhi njiani.

Kinachoua ndiva nyingi ni tope. Chukua ndiva yenye kuta wima, urefu mita 20, upana mita 15, kina mita 1.5. Ikijaa hubeba lita 450,000. Tope la sentimita 30 likituama, lita 90,000 zinakosekana kila inapojaa. Kumwagilia ekari moja kwa milimita 25 kunahitaji takribani lita 100,000, kwa hiyo tope hilo limemnyima mtu maji ya karibu ekari nzima. Aghalabu anayenyimwa ni yule wa mwisho wa mfereji, na hilo ni dhuluma hata kama hakuna aliyekusudia.

Itisheni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, mwezi Septemba, ndiva ikiwa imepungua maji. Chimbeni tope mkiishia kwenye udongo wa mfinyanzi uliozuia kuvuja. Mkiutoboa, ndiva itavuja. Tope msilirundike ukingoni, mvua italirudisha. Libebeni mkalitandaze shambani, maana ni udongo wa juu uliooshwa kutoka mashamba ya mlimani, bado una rutuba. Pale mfereji unapoingia ndivani, chimbeni shimo la kunasa mchanga, mlizoe mara kwa mara. Ni kazi ndogo kuliko kufukua ndiva nzima.

Tope huanzia juu, kwa hiyo walio juu walime kwa makinga maji na waache nyasi kandokando ya kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Kuhusu zamu za kumwagilia, mahindi yanayotoa mbelewele na hariri (nyuzi za kwenye ncha ya hindi) yatangulizwe, kwani kiu ya wakati huo huacha magunzi yenye mapengo. Kabla ya kudai zamu yako, chimba kina cha kiganja, finyanga udongo mkononi. Ukishikamana vizuri, mpishe jirani. Shamba lililotandazwa majani makavu litasubiri siku kadhaa zaidi bila kunyauka.