Masters Ujerumani ukitokea Bongo: anza na kalenda

Kama unataka kuanza masters Ujerumani Oktoba mwakani, muda wa kuanza ni sasa hivi, usisubiri mahafali wala sikukuu ziishe. Nasema hivi kwa sababu wengi ninaowaona wanakwama wana GPA nzuri tu na hata admission wanapata, shida barua inafika mwezi wa saba pasi hawana, hela ya kuonyesha ubalozini haijatimia, miadi ya ubalozini imejaa, semista inaanza kule wao bado wako Dar. Inauma sana maana kazi ngumu walishaimaliza. Kwaiyo hesabu kurudi nyuma kuanzia Oktoba, kila kitu kikae mahali pake.

Kwanza jua GPA yako inasomekaje kule. Wajerumani namba ndogo ndo nzuri, 1.0 ni bora kabisa na 4.0 ndo mwisho wa kufaulu, na wana fomula yao ya kubadilisha alama za nje. Kwa vyuo vyetu vyenye skeli ya 5.0 ambayo kufaulu kunaanzia 2.0, ile fomula inakuwa rahisi kabisa: chukua 6 toa GPA yako. Una 3.8, kule ni 2.2. Una 3.5, ni 2.5, na hiyo 2.5 ishike kichwani maana kozi nyingi wanaishia hapo. Mwenye 3.2 anapata 2.8, usikate tamaa ndugu yangu, zipo kozi ambazo hazijaweka kiwango au zinapokea mpaka 3.0, ila usitume maombi kwenye kozi iliyoandika 2.5 wazi halafu ukategemea huruma.

Kutafuta kozi ingia kwenye tovuti ya DAAD (shirika la Ujerumani la skolaship na kubadilishana wanafunzi), chuja kwa lugha ya Kiingereza na masters, kisha soma ukurasa wa kozi yenyewe mpaka chini. Vyuo vya serikali karibu vyote havitozi ada, unalipa mchango wa semista tu. Lakini jimbo la Baden-Württemberg (huko ndo kuna Heidelberg, Freiburg, Stuttgart na Karlsruhe) wanatoza euro 1,500 kila semista kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich (TUM) nacho kimeanza kutoza. Deadline inayotajwa sana ni 15 Julai, mi nakushauri ujifanye hiyo haipo, maana kozi nyingi za Kiingereza zinafunga mapema zaidi, kuna za Januari, Machi, Mei, na ukiomba mwezi wa saba hata ukipata admission, viza haitatoka kwa wakati. Vyuo vingi maombi yanapita uni-assist (ofisi inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo), ombi la kwanza euro 75, kila linaloongezeka semista hiyohiyo euro 30, kwaiyo chagua kozi chache zinazokufaa kweli.

Makaratasi sasa. Angalia majina yako leo hii, sio kesho: cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha form four, form six, cha chuo na pasi. Hapa Bongo ni kawaida kabisa mtu cha form four kina majina mawili, cha chuo matatu, na kwenye pasi jina la babu limeandikwa kwa herufi nyingine, huku mtaani hakuna anayejali ila ukienda kuomba chuo na viza kila tofauti ni swali. Nenda kwa wakili ufanye dipoli (hati ya kubadili jina) au kiapo mapema. Transkripti uhakikishe ina ule ukurasa unaoeleza mfumo wa alama, bila huo hawawezi kukubadilishia GPA. IELTS (mtihani wa Kiingereza) wengi wanataka 6.5, baadhi wanakubali barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza, waulize kwa imeili kabla hujalipia mtihani. Na lekta wa kukuandikia rekomendesheni mfuate mapema, tena umpelekee CV yako na maelezo ya kozi, usimwachie aanze kukumbuka we ni nani.

Hela ndo penye jasho. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba una hela ya kuishi kule mwaka mzima, na njia ya kawaida ni akaunti maalumu inaitwa Sperrkonto: unaweka hela yote kabla, ukifika unapewa kidogokidogo kila mwezi. Kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu, na huwa kinapanda kwaiyo angalia tovuti ya ubalozi kabla hujatuma. Wakati wa kutuma ongeza kidogo, mabenki ya njiani yanakata chao na ikipungua hata euro 20 hupewi ile barua ya uthibitisho. Kaa na familia muongee ukweli mapema, kama ni kuuza kiwanja au mjomba na shangazi kuchangia, haya mambo hayafanyiki kwa wiki mbili. Asiye na uwezo huo aangalie skolaship, kwa mfano EPOS ya DAAD kwa waliofanya kazi angalau miaka miwili baada ya digrii, ukiipata hiyo Sperrkonto huihitaji, ila maombi yake mengi yanafungwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo.

Usipange kuishi kwa kibarua. Sheria inakuruhusu siku 140 kamili au 280 nusu kwa mwaka, lakini miezi ya mwanzo hujui lugha, hujui mtu, na masomo yanabana kweli.

Viza unaombea ubalozi wao Dar, pale Umoja House, ni viza ya taifa (ya kukaa muda mrefu), euro 75. Miadi itafute mapema na jiandae kueleza kwa nini kozi hiyo na ukimaliza unafanya nini, jibu kwa maneno yako. Ajenti anayekwambia ana mtu ndani mkimbie.

Siku hiyohiyo unayopata admission omba chumba cha hosteli za wanafunzi, zinasimamiwa na shirika linaloitwa Studierendenwerk, foleni ni ndefu na Munich ni balaa, miji kama Chemnitz au Magdeburg kuna nafuu kubwa. Ukifika una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya mji, na wanataka karatasi yenye saini ya mwenye nyumba, kwaiyo kabla hujalipia chumba muulize kama atakupa hiyo karatasi. Bila kujiandikisha hata kufungua benki inakuwa shida, na bila benki zile 992 zako haziingii.