Kabla Hujamwekea Paka Chakula: Mwongozo wa Sheria za Paka Wanaozurura Ughaibuni

Umehamia nyumba mpya ughaibuni, na jioni ya tatu au ya nne paka aliyekonda anakuja kuketi kizingitini. Unamhurumia, unamwekea kisahani cha chakula, na kesho yake anarudi na mwenzake. Huruma hiyo ni njema, na siandiki haya ili kuipoza. Ninachotaka mwanadiaspora ajue ni kwamba katika miji mingi ya Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia kisahani kile kina maana mbele ya sheria, na kwamba maana hiyo hubadilika unapovuka mpaka wa manispaa moja kwenda nyingine.

Sababu ni kwamba mambo ya paka, kwa sehemu kubwa, yameachiwa serikali za mitaa. Marekani haina sheria ya shirikisho inayosimamia paka wasiofungiwa. Kila jimbo, kaunti na mji hujitungia kanuni zake. Kwa hiyo ushauri wa rafiki anayeishi mji mwingine, hata kama ni wa nchi ile ile, unaweza kuwa sahihi kwake na kukuletea faini wewe.

Jambo la kwanza ni kumtambua paka aliye mbele yako, kwa kuwa sheria humtazama kwa namna tatu tofauti. Yupo paka mwenye nyumba anayetembea tu; yupo aliyepotea au kutupwa, ambaye aliwahi kuishi na watu na bado huwakaribia; na yupo paka shume, aliyezaliwa na kukulia nje bila kuzoea binadamu. Tofauti ya huyu wa mwisho na wenzake si ya tabia tu. Mtoto wa paka huzoea watu kwa urahisi katika majuma machache ya mwanzo ya maisha yake, kati ya juma la pili na la saba hivi; dirisha hilo likishafungwa, kumfuga ndani kwa nguvu akiwa mkubwa mara nyingi humtesa yeye na anayemfuga. Ukimwona paka ambaye ncha ya sikio lake moja imekatwa ikawa bapa, usidhani ameumia katika ugomvi: hiyo ni alama inayotumiwa katika nchi nyingi kuonyesha kwamba amekwisha kukamatwa, kuhasiwa au kufungwa kizazi, na kurudishwa mahali pake.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, maana hapa ndipo wengi hunaswa bila kujua. Katika sheria ndogo nyingi za Marekani, mtu anayemlisha au kumhifadhi paka kwa idadi fulani ya siku mfululizo huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, hata kama hakuwahi kumwita wake. Akishahesabiwa hivyo, majukumu yote ya mfugaji humshukia: chanjo ya kichaa cha mbwa pale inapotakiwa, leseni pale inapotozwa, kikomo cha idadi ya wanyama katika nyumba moja, na malalamiko ya majirani kuhusu bustani zilizochafuliwa. Miji kadhaa imeweka msamaha kwa walezi wa makundi ya paka waliojiandikisha na wanaohakikisha kila paka anahasiwa na kuchanjwa. Kwa maoni yangu, anayetaka kulisha zaidi ya mara mbili au tatu asilishe kwa siri, bali ajiunge na mpango kama huo ukiwapo.

Ili uone jinsi nchi zinavyoachana, linganisha Italia na jimbo la Queensland nchini Australia. Sheria ya Italia namba 281 ya mwaka 1991 inawalinda paka wanaoishi huru: ni marufuku kuwatendea vibaya, na huduma za mifugo za mamlaka ya afya ya mahali huwahasi na kuwarudisha kwenye kundi lao. Huko mlezi wa kundi ni mtu anayetambulika. Queensland, chini ya sheria yake ya usalama wa viumbe ya mwaka 2014, paka shume ni mnyama mvamizi aliyewekewa mipaka. Hairuhusiwi kumlisha, kumhamisha, kumgawa wala kumwachia huru. Kitendo kile kile, kwa nia ile ile, kinalindwa upande mmoja na ni kosa upande wa pili. Hispania imeelekea njia ya Italia: sheria yake namba 7 ya mwaka 2023 imezikabidhi manispaa jukumu la kusimamia makundi ya paka, na inawataka wafugaji wawatie paka wao chipu, yaani kidude kidogo chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, na kuwahasi kabla hawajatimiza miezi sita. Ujerumani iko katikati, kwani tangu mwaka 2013 sheria yake ya ulinzi wa wanyama inaruhusu majimbo, au mamlaka yatakazozikabidhi, kuagiza kwamba paka yeyote anayetoka nje awe amehasiwa, ametiwa alama na kusajiliwa. Mji wa Paderborn ulikwisha kuanza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2008.

Ukali wa Australia hautokani na chuki. Wanyama wadogo wa bara lile waliishi bila paka mpaka walipoletwa na Wazungu, na spishi kadhaa zimetoweka kwa kuwindwa nao. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba paka wanaotoka nje huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na wengi wa ndege hao huuawa na paka wasio na mwenyewe. Ninampenda paka, lakini siwezi kumwambia msomaji kwamba jirani anayelalamikia ndege wake hana hoja.

Ikiwa paka ni wako kabisa, uliza pia kama anaruhusiwa kutoka. Canberra, mji mkuu wa Australia, inataka kila paka aliyezaliwa tarehe 1 Julai 2022 au baada yake azuiliwe ndani ya eneo la mwenyewe saa zote. Halmashauri ya Knox, katika viunga vya Melbourne, iliweka agizo la kuwazuia paka saa 24 kuanzia Oktoba 2022. Calgary nchini Kanada hairuhusu paka kuzurura nje ya kiwanja cha mwenyewe, na humtaka awe na leseni. Katika sehemu ya kusini ya mji wa Walldorf, Ujerumani, paka waliamriwa mwaka 2022 kukaa ndani mpaka mwisho wa Agosti ili kumnusuru kipozamataza mwenye kishungi, ndege anayetaga chini. Faini ya kukiuka ilikuwa euro 500, na ingeweza kufika euro 50,000 endapo ndege huyo angeuawa. Marufuku ya msimu kama hii ni rahisi kumpita mgeni asiyesoma matangazo ya mji.

Uingereza haimzuii paka kutoka, ila England tangu tarehe 10 Juni 2024 inamtaka kila paka anayefugwa awe na chipu kabla ya kutimiza majuma 20. Mfugaji ambaye paka wake hana chipu hupewa siku 21 kurekebisha, na akishindwa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Paka wanaoishi huru bila kumtegemea binadamu hawamo katika agizo hilo. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba huko paka anayefugwa ni mali ya mtu kisheria. Kumchukua paka wa jirani kwa kudhani hana mwenyewe kunaweza kugeuka tuhuma ya wizi. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo au kituo cha kuokoa wanyama asomewe chipu, huduma ambayo mara nyingi ni ya bure. Kama hakubali kubebwa lakini anakubali kuguswa, mvalishe ukosi wa karatasi ukiandika ombi kwamba mwenyewe akupigie simu.

Unapotafuta sheria ya mahali ulipo, anza na tovuti ya manispaa kwa lugha ya mji wenyewe, kwa sababu tafsiri za huko mara nyingi huwa pungufu. Ujerumani tafuta neno Katzenschutzverordnung (agizo la kulinda paka) pamoja na jina la mji. Italia na Hispania tafuta colonia felina (kundi la paka). Kisha andika barua pepe uulize mambo manne: je, kulisha kunaruhusiwa katika eneo la umma, anayelisha huhesabiwa kuwa mwenye paka baada ya muda gani, nani anaruhusiwa kuwatega paka ili wahasiwe na kwa kibali gani, na je, kuna mpango wa kuhasi kwa bei nafuu. Hifadhi jibu, kwani karatasi hiyo itakusaidia afisa akija mlangoni. Soma pia mkataba wako wa upangaji, kwa kuwa mwenye nyumba anaweza kukataza kile ambacho mji umekiruhusu. Usitege kabla ya kupata jibu, hata kama una haraka. Jike hubeba mimba kwa majuma tisa tu, na naelewa wasiwasi huo, lakini mtego usio na kibali unaweza kumkamata paka wa mtu.

Barua ya onyo ikifika, usiiweke kando kwa sababu lugha ni ngumu. Tafuta wa kukutafsiria siku hiyo hiyo, angalia tarehe ya mwisho ya kujibu, na uulize kama ni faini ya kiutawala tu au ni shauri la jinai, maana hili la pili huenda ukalazimika kulitaja unapoomba kuongeza kibali cha ukaazi.

Mkataba wa kazi ukiisha na ukahama, usimwache paka nyuma kwa matumaini kwamba mtaa utamlisha. Ujerumani, Italia na nchi nyingine nyingi zinahesabu kumtelekeza mnyama kuwa kosa, na chipu yenye tarakimu 15 itaonyesha ni nani alimsajili. Mtafutie mlezi mapema, mkabidhiane kwa maandishi, na uhakikishe jina katika kanzidata ya chipu limebadilishwa kabla hujapanda ndege.